Shabaha ya Chuma Inayolia: Kununua au Kutengeneza

Shabaha ya chuma ni bamba nene, mara nyingi la duara, linaloning'inizwa kwa minyororo au kanda za mpira ili lipigwe risasi kutoka mbali. Risasi ikilipata, bamba hulia na kuyumba, na mlengaji hujua papo hapo kwamba amelenga sawasawa. Hana haja ya kusimamisha zoezi, kutembea mita 300 kwenda kukagua matundu kwenye karatasi, kisha kurudi. Ndiyo maana mabamba haya yamezagaa katika viwanja vya shabaha vya Marekani, ambako wengine huyanunua yakiwa tayari na wengine huyatengeneza wenyewe nyumbani.

Matumizi yake ni ya zamani. Tarehe 2 Julai 1860, mashindano ya kwanza ya chama cha taifa cha bunduki cha Uingereza yalipofunguliwa Wimbledon, Malkia Victoria ndiye aliyefyatua risasi ya mwanzo, kwa bunduki ya Whitworth iliyokuwa imefungwa kwenye kishikilio, kutoka yadi 400. Shabaha za enzi hiyo zilikuwa mabamba ya chuma, na uwanja wa Creedmoor karibu na New York, uliofunguliwa mwaka 1873, ulianza nayo pia. Baadaye turubai na karatasi zilichukua nafasi yake, kwa kuwa tundu kwenye karatasi huonyesha kwa usahihi zaidi mahali risasi ilipopita. Chuma kilirudi kwa mlango mwingine. Kutoka Mexico ulikuja mchezo wa kuangusha sanamu bapa za wanyama: kuku kwenye mita 200, nguruwe mwitu 300, bata mzinga 385 na kondoo dume 500. Katika biathloni, mchezo wa Olimpiki unaounganisha mbio za skii na kulenga, wachezaji hupiga shabaha za chuma kutoka mita 50, zenye kipenyo cha milimita 45 wakiwa wamelala na milimita 115 wakiwa wamesimama. Na mashindano ya Marekani ya Precision Rifle Series, yaliyoanza mwaka 2012, hutumia mabamba ya chuma kwenye umbali wa mamia ya mita.

Anayetafuta bamba lake la kwanza huuliza litadumu miaka mingapi. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: vipande vya risasi vitakwenda wapi? Risasi ya kaliba .308 yenye uzito wa gramu 10.9, ikienda mita 800 kwa sekunde, hubeba nishati ya jouli zipatazo 3,500. Nishati hiyo yote lazima iishie mahali fulani. Risasi ikigonga uso mgumu, bapa na nyororo, ganda lake la shaba hupasuka, kiini chake cha madini ya risasi husambaratika, na vipande hutawanyika kwa kufuata uso wa bamba: juu, chini, kulia na kushoto. Vingi hubaki ndani ya ukanda mwembamba, nyuzi 20 hivi kutoka kwenye uso huo. Aliyesimama nyuma ya bunduki kwa kawaida hafikiwi na chochote cha maana.

Bamba likiwa laini, mambo hubadilika. Risasi huchimba kishimo chenye ukingo ulioinuka, na risasi inayofuata ikiangukia hapo hufuata mviringo wa kishimo na kugeuzwa kurudi ilikotoka. Kipande cha shaba kinachorudi kwa kasi kinaweza kumpofua mtu. Kwa hiyo ugumu wa chuma, kabla ya kuwa suala la kuokoa fedha, ni suala la macho na ngozi ya mlengaji na ya waliosimama karibu naye.

Ugumu huo hupimwa kwa njia aliyoibuni mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell, mwaka 1900. Gololi ngumu ya milimita 10 hukandamizwa juu ya chuma kwa uzito wa kilo 3,000, kisha upana wa alama inayobaki hupimwa. Alama ikiwa ndogo, namba ya ugumu huwa kubwa. Chuma cha kawaida, kile kinachotengenezewa mageti na madirisha, hupata namba inayozunguka 120. Chuma kinachofaa kwa shabaha za bunduki hupata takriban 500, na ndiyo maana katika biashara huitwa AR500, herufi hizo zikimaanisha kwamba hustahimili kusuguliwa. Hakikubuniwa kwa ajili ya risasi. Ni chuma cha migodini: huwekwa ndani ya bodi za matipa yanayobeba mawe, kwenye ndoo za matingatinga na kwenye mashine za kusaga kokoto. Hardox, inayotengenezwa na kampuni ya SSAB ya Sweden, ni ya ukoo huohuo. Mtu anayeishi karibu na mgodi mkubwa huenda amekwisha kuona chuma cha aina hii bila kukijua jina.

Kasi ya risasi huliumiza bamba kuliko uzito wake, jambo linalowashangaza wengi. Risasi ndogo ya .223, yenye gramu 3.6 tu, hutoka kwenye mtutu kwa mita 980 hivi kwa sekunde. Nishati yake ni takriban nusu ya ile ya .308, lakini kwa karibu ndiyo inayochimba zaidi, kwa sababu nguvu yake huangukia eneo dogo kwa mwendo mkali sana. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa futi 3,000 kwa sekunde, yaani mita 914, wakati risasi inapogonga. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya kutopiga bamba kwa bunduki kutoka chini ya yadi 100, ambazo ni mita 91. Umbali huo unafanya kazi mbili: hupunguza kasi ya risasi, na huwaweka watu mbali na vipande. Bunduki zenye mwendo mkali zaidi zinahitaji mita 200 au zaidi. Bastola, ambayo risasi yake huenda polepole, huruhusiwa karibu zaidi, na watengenezaji wengi hutaja yadi 10. Hata hivyo bamba lililopigwa kwa bunduki likapata vishimo halifai tena kupigwa kwa bastola, kwa kuwa mpigaji wa bastola yuko karibu mno na vitakavyorudi.

Aina ya risasi nayo ina uzito wake. Zinazofaa ni zile zenye kiini cha madini ya risasi na ganda la shaba. Zenye kiini au ncha ya chuma, kama zilivyo nyingi za kijeshi, huchimba hata chuma kigumu, na zilizotengenezwa kutoboa deraya hupita kabisa. Sumaku husaidia kuzitenga: risasi yoyote inayonaswa na sumaku haipigwi kwenye bamba. Marisau ya chuma hayapigwi pia, kwa sababu hayasambaratiki, hudunda.

Baada ya ugumu huja unene. Kwa bunduki za kawaida, milimita 10 hutosha kuanzia mita 100. Milimita 12.5 hudumu zaidi na huvumilia kaliba kubwa, lakini uzito huongezeka haraka. Duara la sentimita 30 lenye unene wa milimita 10 lina uzito wa kilo 5.5, likiwa na milimita 12.5 hufikia karibu kilo 7. Duara la sentimita 40 kwa unene huohuo wa pili hupita kilo 12, na hapo kulibeba hadi mita 500 juani huwa ni kazi yenyewe. Unene hubadili sauti pia. Bamba pana na jembamba hulia kwa sauti nzito inayodumu. Bamba dogo na nene hutoa mlio mwembamba unaokatika upesi, na kwa mbali husikika kwa shida.

Ukubwa huchaguliwa kwa kufuata umbali, na walengaji hupima kwa dakika za pembe, yaani sehemu ya sitini ya nyuzi moja. Kwenye mita 100, dakika moja ni sawa na sentimita 2.9, kwenye mita 500 ni sentimita 14.5. Bamba la sentimita 30 kwenye mita 500 lina upana wa dakika mbili, kipimo kinachomtoa jasho hata mwenye uzoefu. Bamba hilohilo kwenye mita 100 lina dakika kumi, na mwanafunzi wa siku ya kwanza atalipata. Kwa anayeanza, dakika tatu au nne ndizo zinazojenga: si rahisi kiasi cha kumfanya azembee, wala si ngumu kiasi cha kumvunja moyo. Kosa la kawaida ni kununua bamba dogo sana. Risasi inayokosa bamba dogo hupotea kwenye udongo bila kumfundisha mtu chochote, ilhali bamba kubwa lililopakwa rangi huonyesha kwa darubini risasi ilipotua, na hapo mlengaji anaweza kusahihisha.

Sauti huchukua muda kurudi. Kwenye mita 500, risasi ya .308 husafiri kwa takriban nane ya kumi ya sekunde, na mlio hurudi kwa karibu sekunde moja na nusu. Kati ya kuvuta kilimi na kusikia jibu zimepita sekunde mbili na zaidi, muda wa kutosha kwa mlengaji kubaki ametulia nyuma ya darubini na kuangalia bamba likiyumba.

Kwa mnunuzi, bamba zuri na bovu hufanana machoni. Yote mawili yana rangi, yote yana matundu mawili ya kuning'inizia, na yote yana maandishi ya kuvutia. Tofauti iko kwenye mambo mawili ambayo muuzaji makini hujibu bila kusita: cheti cha kiwandani kinachoonyesha ugumu, na namna bamba lilivyokatwa. Hili la pili hupuuzwa sana. Chuma cha aina hii hupata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, na moto mwingine huuondoa. Kikipita nyuzi joto 250 hivi, ugumu huanza kushuka. Kukata kwa gesi huacha ukanda mpana uliolainika kando ya ukingo. Kukata kwa plazma huacha mwembamba zaidi, hasa kazi ikifanyika ndani ya maji, na kwa leza ni mwembamba mno. Kukata kwa mkondo wa maji wenye shinikizo kubwa hakuachi kabisa. Ukanda uliolainika ndio utakaochimbika kwanza, na mara nyingi hata rangi ya bluu au kahawia kwenye ukingo ambao haujapakwa rangi huonyesha mahali moto ulipofika.

Anayetaka kutengeneza mwenyewe anapaswa kufahamu kwamba kazi halisi ya kutengeneza ni ndogo. Njia ya busara ni kununua chuma chenye cheti, kupeleka mchoro kwenye karakana yenye leza au mkondo wa maji, na kuagiza matundu yatobolewe palepale. Kutoboa chuma hiki kwa keekee ya kawaida ni kupoteza ncha moja baada ya nyingine. Hutaka ncha za kobalti au kabaidi na mwendo wa polepole. Matundu huwekwa juu, karibu na ukingo, ili risasi zisiyafikie kirahisi. Kisichofanywa kamwe ni kuchomelea pete, ndoano au mguu kwenye bamba. Hata fundi hodari wa kuchomelea hawezi kuzuia joto lake, na atakuwa ametengeneza sehemu laini kwenye kitu ambacho thamani yake yote ni kutokuwa na sehemu laini. Kwa sababu hiyohiyo grenda hutumika kwa uangalifu, kwa kuondoa ncha kali za pembeni tu.

Kishawishi kikubwa ni vyuma chakavu. Rimu ya gari iliyotundikwa mtini, ile ambayo shule nyingi za vijijini Afrika Mashariki huitumia kama kengele, hulia vizuri sana ikigongwa kwa nondo, lakini kwa risasi ni hatari. Imepinda, na kila mpindo huituma risasi upande usiotabirika. Diski za plau ni mbaya zaidi, kwa sababu uso uliobonyea kama bakuli hukusanya vipande na kuvirudisha mbele. Diski za breki ni chuma cha kusubu, ambacho hupasuka. Mitungi ya gesi haiguswi. Vipande vya reli vina nyuso na kona nyingi. Vyuma hivi vyote vinapatikana kwa bei ndogo, na akiba hiyo haina maana yoyote mbele ya jicho la mtu.

Bamba likishapatikana, kazi yenye utaalamu ni kulining'iniza. Lengo ni lielekee chini kidogo, ili vipande vielekezwe ardhini, na liweze kurudi nyuma linapopigwa, maana kuyumba humeza sehemu ya nguvu. Mwelekeo huo hupatikana kwa hila rahisi ya mizani. Minyororo haifungwi kwenye uso wa bamba bali kwenye mkia wa bolti unaotokeza nyuma yake. Kwa kuwa uzito wa bamba unabaki mbele ya mahali lilipofungwa, bamba hujigeuza lenyewe mpaka uzito ukae chini ya fungo, na uso wake huinama. Kwa bamba la sentimita 30 lenye matundu sentimita tatu kutoka ukingoni, bolti inayotokeza sentimita mbili nyuma hutoa mwinamo wa nyuzi 9 au 10. Ikitokeza sentimita nne, nyuzi 18. Bolti ziwe zenye kichwa cha mviringo kisicho na kona, kwa sababu kichwa cha pembe sita kinachotazama bunduki ni kioo kingine cha kurushia vipande.

Minyororo hulia vizuri na hustahimili, ila vipande vinavyoruka juu huikata pete moja moja. Kanda za mpira zilizokatwa kutoka kwenye mikanda ya kusafirishia mawe, au kutoka kwenye hosi za zimamoto, hudumu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa risasi hutoboa tundu dogo na kuacha ukanda ukiwa umeshika. Sauti hupungua kidogo kwa mpira. Fremu yenyewe ni bora iwe ya mbao, hasa miguu na nguzo ya juu. Mbao hupigwa, huharibika na hubadilishwa bila hasara kubwa, na risasi iliyokosea huipenya badala ya kurudishwa. Fremu ya chuma cha kawaida yenye nyuso bapa zinazotazama bunduki ni shabaha laini isiyokusudiwa, na inarudisha kila hatari ambayo bamba gumu limeiondoa. Mabamba mawili yasiwekwe karibu kiasi kwamba vipande vya moja vigonge ukingo wa jingine.

Nyuma ya bamba lazima kuwe na tuta la udongo, refu na pana kuliko kosa lolote linaloweza kutokea, lisilo na mawe usoni. Udongo ulio chini ya bamba nao usiwe na mawe, kwa sababu ndiko vipande vinakoelekezwa. Kisha kuna moto. Mwaka 2013 Idara ya Misitu ya Marekani ilitoa utafiti ambamo risasi za aina mbalimbali zilipigwa kwenye bamba la chuma na vipande vyake kuangukia mboji iliyokaushwa. Risasi zenye sehemu za chuma na zile za shaba tupu ndizo zilizowasha moto mara nyingi zaidi, na joto la vipande lilikadiriwa kuweza kuzidi nyuzi joto 800. Katika nyika ya kiangazi, uwanja husafishwa nyasi kuzunguka bamba, na maji au mchanga huwekwa karibu.

Madini ya risasi ni sumu, na bamba huyageuza kuwa vumbi. Anayeokota au kuhamisha mabamba hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na nguo zake hazichanganywi na za watoto. Vipande vilivyorundikana chini hukusanywa mara kwa mara ili mvua isiyapeleke madini kwenye kisima au mtoni. Miwani ya kinga huvaliwa na kila mtu aliyepo, watazamaji wakiwemo, pamoja na vizuia sauti masikioni.

Afrika Mashariki suala hili huanzia kwenye kibali. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inayosimamiwa na bodi ya utoaji leseni. Bamba ni kipande cha chuma tu, lakini bunduki inayolipiga na uwanja linapowekwa vinahitaji ruhusa, na mahali pake ni uwanja ulioidhinishwa wenye msimamizi, si shamba la nyuma ya nyumba.

Matunzo ni machache. Bamba hupakwa rangi nyeupe ya kupuliza kabla ya kila kikao ili alama zionekane, na rangi hiyo hiyo hurahisisha ukaguzi: kidole na mwanga wa pembeni hufichua kishimo au ukingo ulioinuka. Baada ya risasi nyingi bamba huanza kupinda taratibu. Hapo hugeuzwa ili upande wa nyuma uwe mbele, mradi nao ni safi. Bolti na pete za minyororo hukazwa na kukaguliwa kila mara. Lililopasuka, lililochimbika au lililopinda kiasi cha kutonyooka tena huondolewa. Halijazwi kwa kuchomelea wala kulainishwa kwa grenda, kwa kuwa vyote viwili huongeza joto na kuondoa ugumu. Huuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, likiwa limekatwa vipande au limechorwa alama wazi, ili mtu mwingine asije akalitundika tena kama shabaha.